Mumiani Alipobisha Hodi: Ninavyoitazama Filamu Kabla ya Kuwasoma Wahakiki

Miaka michache iliyopita niliandika uhakiki wangu wa kwanza wa filamu. Kabla ya kuuweka hadharani nikamtumia mdogo wangu wa kiume ausome. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, sasa wewe mwenyewe uliionaje?" Nikaanza kumjibu, nikakwama. Karibu yote niliyoandika niliyatoa kwa wahakiki watatu wa Marekani niliowasoma usiku wa kuamkia siku ya kwenda ukumbini. Nilikaa mle ndani saa mbili nzima nikiyasaka waliyoyasema wao, na kila nilipolipata moja nikafurahi. La kwangu halikuwamo. Uhakiki ule sikuuchapisha.

Nadhani wengi wetu tumelelewa hivyo. Mimi filamu nilianza kuzitazama kwenye kibanda umiza, na pale alikuwapo mtafsiri. Yeye ndiye aliyetuambia yupi stelingi na yupi adui, mara nyingi kabla hata mhusika hajafungua mdomo. Nilimpenda, na hadi leo sauti yake naikumbuka. Ila nilipokuja kuzitazama filamu zilezile bila yeye, niligundua kwamba mengi niliyoyaamini alikuwa ameyaongeza mwenyewe. Mhakiki bingwa naye anaweza kukukaa sikioni namna ile ile, ukatoka ukumbini umeona alichokiona yeye.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, na filamu iliyonionyesha faida yake vizuri kuliko nyingine zote ni Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Kama hujaitazama na hutaki kujua mambo yake, ishia hapa kwanza, urudi ukishaiona.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Kabla ya kwenda sisomi uhakiki wowote; nasoma jina la mwongozaji, waigizaji, na muda wa kuanza. Nikitoka, sishiki simu kutafuta watu wamesemaje. Nakaa mahali, hata kama ni kituoni nikisubiri daladala, naandika mistari kumi kwenye daftari: kipi kilinishtua, wapi nilichoka, kipi sikukielewa. Hicho cha mwisho ndicho muhimu zaidi, maana ndicho nitakachowapelekea wahakiki wanisaidie. Baada ya hapo ndipo nasoma, na nasoma wawili wanaopingana.

Sinners inasimulia siku moja ya mwaka 1932 huko Clarksdale, Mississippi. Ndugu mapacha, Smoke na Stack, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na pesa. Wananunua kiwanda kikuukuu cha mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki wa bluzi kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda kwenye mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa kwa kipaji kisicho cha kawaida. Usiku unaingia, na muziki ule unawavuta wanyonya damu.

Mstari wa kwanza kwenye daftari langu siku ile ulisema: "Kilinge." Nilikuwa naandika juu ya tukio ambalo kila aliyeitazama filamu hii analitaja. Sammie anaimba, na taratibu wanaanza kutokea watu wasio wa wakati ule: mpiga gitaa la umeme, wapigaji ngoma wa Afrika ya kale, vijana wa hip-hop, mchezaji wa opera ya Kichina, wote katikati ya wanaocheza, hadi paa linashika moto na kuta zinatoweka. Nilivyosoma baadaye, wahakiki walilisifu mno, na wengi wao walilieleza kama picha ya historia ya muziki wa watu weusi, jana, leo na kesho. Ni kweli, na sina ugomvi nao.

Lakini mimi nimekulia Tanga. Nikiwa na miaka kama tisa, nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na ngoma ya pepo. Nilichungulia kwenye upenyo wa makuti. Ubani ulikuwa umejaa ua mzima, mpiga ngoma alikuwa anabadilisha mapigo akitafuta lile atakaloitikia pepo, na mama mmoja niliyemjua, aliyekuwa akituuzia vitumbua asubuhi, alipandisha. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Wazee wakamsalimia mgeni kwa heshima na kumuuliza jina lake na anachotaka. Hapana mtu pale aliyehitaji kuelezwa kwamba muziki unaweza kumwita asiyekuwapo. Kwa hiyo Sammie alipoanza kuimba sikuona mfano wa kitu kingine. Niliona kitu chenyewe, na pia niliona hatari yake ambayo sikuikuta kwa mhakiki yeyote niliyemsoma: ngoma ile haina mganga. Pepo wameitwa na hakuna aliyesimama kuwauliza jina. Annie, mkewe Smoke, anayejua dawa na hirizi, yumo ndani, lakini hakuna aliyemkabidhi usiku ule. Kama ningewasoma wahakiki kwanza, ningeandika "historia ya muziki" na kilinge changu kingebaki Tanga.

La pili lilikuwa hodi. Sisi tuliokulia pwani tuliogopeshwa na mumiani, anayekamata watu na kuwatoa damu. Mumiani wa utotoni mwangu haombi ruhusa. Wanyonya damu wa filamu hii hawawezi kuvuka kizingiti mpaka wakaribishwe. Wanasimama nje ya mlango wakiwa na ala zao, wanaimba vizuri, wanaongea kwa upole, wanaomba tu kuingia. Halafu Cornbread, bawabu wao wenyewe, ametoka kidogo kujisaidia. Anarudi, anasimama pale pale mlangoni na kuanza kulalamika kwa nini hawamwambii aingie. Yeye ni mwenzao, wanamjua, na bado hapigi hatua. Ukumbini niliusikia mwili wangu ukisisimka, kwa sababu kwetu mwenyeji anayemwacha mtu aliyebisha hodi bila kumwitikia "karibu" amefanya kosa kubwa. Filamu inaukamata ukarimu wenyewe na kuugeuza mtego. Ndiyo maana Grace, mwenye duka Mchina, alipopiga kelele kuwaita waingie kwa hofu ya mwanawe, nililia. Nikaandika hivi hivi: "Mama kasema karibu."

Sasa nieleze walichonipa wahakiki, maana sipendi mtu aondoke hapa akidhani nawadharau. Kwenye mistari yangu kumi palikuwa na huu: "Smoke kwa nini anakasirikia pesa?" Usiku wa ufunguzi wateja wanalipa, na Smoke anafura. Sikuelewa. Ni uhakiki mmoja mrefu ulionieleza kwamba vibarua wa mashamba yale walilipwa fedha ya shambani, isiyopokelewa popote isipokuwa kwenye duka la bwana shamba. Kumbe ukumbi ule ulikuwa umejaa watu na bado usingeweza kujiendesha. Babu yangu alikata mkonge kwa kipande, siku thelathini za kazi ndipo alipwe, kwa hiyo nilipoelezwa niliuelewa uchungu huo mara moja. Ila bila mhakiki yule nisingeuona. Wahakiki ndio pia walionikumbusha hekaya ya Robert Johnson, anayesemekana kuiuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda ili apige gitaa vizuri. Ukishaijua, hofu ya baba yake Sammie juu ya gitaa inakuwa na mizizi.

Kuna jambo ambalo nashauri ulitazame kila mara: mhakiki alikaa ukumbi gani? Sehemu za Sinners zilipigwa kwa mkanda mpana wa IMAX, na wengi waliiandika baada ya kuiona kwenye ukumbi wa aina hiyo, ambako picha hurefuka ghafla kwenda juu kwenye matukio fulani. Mimi niliiona kwenye ukumbi wa kawaida Dar es Salaam. Kurefuka kule sikukuona. Ningeweza kuandika kwamba niliona kurefuka huko, kwa kuwafuata wahakiki kama nilivyofanya zamani, na ungekuwa uongo.

Na zile asilimia. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, iliipa filamu hii asilimia 97, na rafiki yangu akanitumia ujumbe, "Imepata tisini na saba, karibu mia!" Hiyo siyo alama ya mtihani. Maana yake ni kwamba kati ya wahakiki mia waliohesabiwa, 97 waliipendekeza. Aliyeipenda kidogo tu na aliyepagawa nayo wanahesabiwa sawa. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wanaokokotoa wastani wa alama zenyewe, waliiweka kwenye 84 hivi. Ni filamu ile ile. Ukitaka kujua wameipenda kiasi gani, acha namba ya kwanza, soma maneno.

Lawama mbili nilizikuta mara kwa mara. Ya kwanza, kwamba saa ya mwanzo inakwenda polepole. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ile saa ni maandalizi ya shughuli: kumtafuta mpiga kinanda, kuagiza samaki, kuandikisha kibao, kumtoa bawabu shambani. Kuna picha moja isiyokatwa, mtoto wa Grace anatoka duka la wazazi wake upande wa weusi, anavuka barabara, anaingia duka lao jingine upande wa weupe, na mji mzima umeelezwa bila mtu kuhutubia. Kisha Delta Slim, anayeigizwa na Delroy Lindo, akiwa garini anasimulia jinsi rafiki yake alivyouawa na kundi la wazungu. Maneno yanamwishia, anaguna, na mguno unageuka wimbo akipiga mkono. Nilielewa pale bluzi inatoka wapi. Anayetaka saa hiyo ifupishwe angekata hilo.

Lawama ya pili, kwamba mapigano ya mwisho yana vurugu, naikubali. Grace akishasema karibu, wanakufa watu tuliokaa nao jioni nzima, kwa kasi na gizani, na baadhi sikujua wameanguka saa ngapi. Msiba wao haukupewa nafasi. Nililiandika hilo kituoni kabla sijamsoma mtu, ndiyo maana nalisema kwa kujiamini.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu. Majina yalipoanza kupanda, watu wakainuka, nikamshika mkono abaki, kwa sababu mara ya kwanza niliondoka mapema na ni mhakiki aliyenishtua kwamba filamu bado inaendelea. Tukabaki wanne. Akatokea Sammie mzee, mwaka 1992, akiigizwa na Buddy Guy mwenyewe, mpiga bluzi wa kweli, mbele ya wageni wawili, wanyonya damu ambao hawajazeeka. Anawaambia kwamba kabla jua halijazama, ile ilikuwa siku bora ya maisha yake.

Shangazi alikaa kimya hadi taa zikawashwa. Kisha akaniuliza, "Na hawa leo, nani kawakaribisha?"

Nikafungua daftari nikaliandika.