Plasmepsini V: shabaha ya kweli, lakini ngumu kuipiga

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma famasia mwaka wa nne. Nimejifunza kwamba plasmepsini V ni proteasi (kimeng'enya kinachokata protini) ya kimelea cha malaria iliyoshikizwa kwenye utando, na wengi wanaitaja kuwa shabaha ya dawa mpya. Kwenye mradi wangu nataka kutumia kompyuta kuangalia kama viambata vya mwarobaini vinaweza kuizuia. Je, nimechagua shabaha yenye maana? Na hilo la kuwa kwenye utando linabadilisha nini?

JIBU: Marahaba. Shabaha ina maana. Nianze na utando, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Plasmepsini V imeshikwa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu ya kimelea (mtandao wa vifuko ndani ya seli ambamo protini hutayarishwa) kwa mkia mmoja tu. Sehemu inayokata iko nje ya utando, upande wa ndani wa retikulamu. Usiifananishe na gama-sekretasi, ile inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambayo hukatia protini ndani ya utando wenyewe. Ndiyo maana watafiti waliweza kuutengeneza mwili wa plasmepsini V bila ule mkia, na mwaka 2015 umbo lake likachapishwa likiwa limeshikana na kizuizi, yaani molekuli inayouzuia kukata, kiitwacho WEHI-842.

Kwa hiyo utando ule mmoja haukusumbui. Kinachosumbua ni safari. Dawa iliyo kwenye damu lazima ivuke utando wa chembe nyekundu, kisha utando wa kifuko anamokaa kimelea, kisha wa kimelea chenyewe, kisha wa retikulamu. Tando nne! WEHI-842 inatosheka na chini ya nanomola moja (kipimo kidogo sana cha ukolezi) kukizuia kimeng'enya kikiwa peke yake, lakini kuua vimelea kwenye maabara inadai mamia ya nanomola. Molekuli hiyo imeigiza kipande cha protini, na molekuli za namna hiyo hazipiti tando kwa urahisi.

Sasa kwa nini tuisumbukie? Kimelea kikishaingia kwenye chembe nyekundu hutuma humo mamia ya protini, zikiwemo zinazoifanya chembe inate kwenye kuta za mishipa isipite kwenye bandama ikateketezwa. Nyingi kati ya hizo zina alama iitwayo PEXEL, iliyotambuliwa mwaka 2004: mfuatano wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, wenye arginini, asidi amino yoyote, leusini, nyingine yoyote, kisha mara nyingi glutameti. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba anayekata baada ya ile leusini ni plasmepsini V. Asipokata, protini hizo hazisafirishwi.

Majaribio ya kuifuta kabisa jeni yake yalishindikana, dalili kwamba kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo. Hili ni jambo kubwa. Zamani nguvu nyingi zilimwagwa kwenye plasmepsini II, inayosaga hemoglobini kwenye mfuko wa chakula wa kimelea. Baadaye ikaonekana kwamba hata ukifuta plasmepsini zote nne za mfuko huo, kimelea bado kinaishi.

Lakini kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2020 ambayo ningependa uitafute kabla hujaandika utangulizi wako. Watafiti walipunguza plasmepsini V hatua kwa hatua, wakakuta ni lazima ishushwe mno ndipo ukuaji uathirike. Kimelea kina akiba. Kwa lugha yetu ya dawa, kuzuia nusu ya kimeng'enya hakutoshi, wala pengine robo tatu. Unahitaji karibu chote, nyuma ya tando nne, bila kumdhuru mgonjwa. Ndiyo maana nasema ni ngumu.

Tuje kwenye mwarobaini. Umbo hilo la 2015, lenye namba 4ZL4 kwenye PDB (hifadhi ya maumbo ya protini), ni la Plasmodium vivax, ilhali malaria yetu nyingi huku ni ya aina nyingine ya kimelea, falciparum. Litumie, lakini useme hivyo waziwazi. Kwanza itoe WEHI-842 kwenye umbo hilo uirudishe kwa programu yako ya kupachika molekuli kwenye protini; isiporudi mahali pake, matokeo mengine yote yaache. Hii ni proteasi ya aspateti, yaani hukata kwa kutumia asidi amino mbili za aspateti, kwa hiyo amua mapema ni ipi kati ya hizo mbili yenye protoni. Azadiraktini, kiambata cha mwarobaini, ina uzito wa dalton 720 hivi, na molekuli kubwa hupewa na programu alama za juu kwa sababu tu zina mahali pengi pa kugusa, kwa hiyo zigawe alama kwa ukubwa wa molekuli. Halafu pima viambata vilevile dhidi ya katepsini D, renini na BACE1, proteasi za aspateti za binadamu. Nimekagua miradi mingi iliyoruka hatua hii; mwandishi anatangaza dawa ya malaria kumbe ana kitu kinachoshika proteasi yoyote ya aspateti.

Ukiwa na muda, weka plasmepsini X pembeni kwa kulinganisha. Hiyo inahitajika kimelea kinapotoka kwenye chembe nyekundu na kinapoingia nyingine. Ningelazimika kuweka fedha yangu, ningeiweka kwa X. V ningeiachia maabara yenye kemia ya kuifikisha molekuli kule ndani.