Mkono huu ulifundishwa wapi? Maswali yenu kuhusu wapasuaji wa plastiki

Tangu nilipogusia habari za makovu ya moto, simu yangu haijapumzika. Ajabu ni kwamba wengi hamkuuliza makovu. Mmeuliza habari za daktari mwenyewe, huyu mpasuaji wa plastiki: ni nani, kasoma nini, na mtu atamjuaje wa kweli. Mimi si daktari. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka ishirini na kitu nakabidhi mikasi na kuhesabu gozi, yaani vitambaa vya kufyonzea damu. Kwa hiyo nitawajibu kama mtu aliyesimama upande wa pili wa meza akitazama mikono ya wenzake.

Binti yangu, mjukuu wangu aliungua uji mguuni. Tumeambiwa apelekwe kwa daktari wa plastiki. Ina maana atawekewa plastiki mwilini? – Mzee, Tanga

Shikamoo babu. Hapana, hata chembe. Neno lenyewe ni la Kigiriki, linahusu kufinyanga, na lilikuwa likitumika hospitalini kabla ya hizi ndoo na mifuko yetu kuzaliwa. Huyu daktari ni mfinyanzi, ila udongo wake ni nyama na ngozi ya mgonjwa mwenyewe.

Mjukuu wako huenda akachunwa tabaka la ngozi ya paja, jembamba kama utando wa kitunguu, likatandazwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku mbili za mwanzo ngozi ile haina mishipa ya damu. Inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kama kitambaa kilichowekwa juu ya sahani yenye maji. Kisha mishipa inaanza kuungana. Ndiyo maana bandeji haifunguliwi haraka, mara nyingi husubiri hadi siku ya tano hivi, na ndiyo maana nawasihi: msimruhusu mtoto akimbie, wala shangazi asiinue bandeji "kuchungulia kidogo". Ngozi ikiteleza usiku mmoja tu, kazi yote imekwisha. Paja nalo hupona lenyewe kwa wiki mbili hivi.

Shikamoo mama. Nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano. Nataka kuwa mpasuaji wa plastiki. Nitamaliza lini? Wenzangu wanasema nitazeekea darasani. – Mwanafunzi, Tabora

Marahaba mwanangu. Chukua kalamu tuhesabu.

Ukishafaulu kidato cha sita, shahada ya udaktari hapa Tanzania ni miaka mitano. Kenya ni sita. Unaongeza mwaka mmoja wa kuwa daktari mtarajali, yaani unazungushwa wodi hadi wodi chini ya usimamizi, na huo mwaka utajua kama kweli unapenda damu au ulipenda koti jeupe. Hapo unasajiliwa, na watu wataanza kukuita daktari. Lakini bado hujawa bingwa wa kitu chochote.

Baada ya hapo wengi hufanya kazi kwanza, wilayani au mkoani, kisha ndipo waingie masomo ya ubingwa wa upasuaji. Njia ziko mbili hasa. Ya kwanza ni kurudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili ya udaktari, halafu ukaongeza ubingwa bobezi wa plastiki, nje ya nchi au palipo na mafunzo hayo. Ya pili ni kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Usiende Arusha kutafuta mabweni yake. Kile ni chuo kisicho na kuta: unasoma ukiwa kazini, kwenye hospitali iliyokubaliwa, chini ya mpasuaji aliyekubaliwa. Miaka miwili ya msingi wa upasuaji, mtihani. Kisha angalau mitatu ya fani uliyochagua, na plastiki imo, mtihani tena.

Jumlisha: mitano, mmoja, miwili, mitatu. Kumi na mmoja bila kupumzika, bila kukosa ada, bila kurudia mtihani, bila kuzaa. Wengi niliowafahamu walifika wakiwa na miaka thelathini na mitano au zaidi.

Jambo ambalo wenzako hawakukwambia ni daftari. Kila upasuaji unaoshiriki unauandika: tarehe, ugonjwa, ulikuwa unashika tu vyuma au ulishona mwenyewe, na msimamizi alikuwa nani. Nimewaona madaktari vijana saa nane usiku, glavu zimeshavuliwa, wameegemea ukuta wa kunawia mikono wanajaza daftari kabla hawajasahau. Mtihani hauangalii tu unajua nini kichwani. Unauliza mikono yako imepita wapi.

Na kama wewe ni binti, maana hukusema, jibu ni lile lile.

Mdogo wangu, mwanangu ni daktari, anasomea huo ubingwa. Kila Jumamosi ananiomba nimnunulie mapaja ya kuku, anajifungia nayo chumbani na miwani ya kukuzia vitu. Nikimuuliza anacheka. Ana akili timamu? – Mama wa daktari, Morogoro

Dada, barua yako imenichekesha mpaka nikaisoma kwa sauti pale kwenye chai ya saa nne. Ana akili timamu kabisa, tena mnunulie kuku wa kienyeji kama mfuko unaruhusu.

Ndani ya paja la kuku, pembeni ya mfupa, upo mshipa wa damu wenye upana wa milimita moja au mbili. Ni karibu sawa na mishipa ya kidole cha mtu. Mwanao anautafuta, anautenga na nyama, anaukata katikati, kisha anauunganisha tena kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo ukidondoka mezani huuoni tena. Sindano yake ukiishika vibaya inapinda. Mshono mmoja, miwili, minane kuzunguka mshipa, na ukipigwa mshono mmoja ulioshika ukuta wa mbele pamoja na wa nyuma, mshipa umeziba na damu haipiti. Akimaliza anapitisha maji kwa bomba la sindano aone kama yanavuja.

Sasa mtu akiletwa amekatwa kidole na mashine ya kukobolea, au nyama ya mgongoni inatakiwa ihamishiwe mguuni pamoja na mshipa wake wa damu, mkono uliozoea kuku hautetemeki. Nimesimama kwenye upasuaji wa aina hiyo saa tisa mfululizo. Mshipa ukifunguliwa, ile nyama iliyokuwa na rangi ya jivu inageuka nyekundu mbele ya macho yako, na chumba kizima kinapumua.

Ila hayo mapaja, kama yamekaa mezani tangu asubuhi, mpe paka.

Hii si fani ya Wazungu matajiri iliyoletwa juzi? – Msomaji, Mombasa

Juzi ya lini? Wahindi walikuwa wakitengeneza pua mpya kwa ngozi ya paji la uso karne nyingi nyuma, na Waingereza waliiga kutoka kwao miaka ya 1800 na kidogo. Kilichoikuza sana fani hii Ulaya ni vita. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengeneza askari waliovunjwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Akamfundisha jamaa yake Archibald McIndoe, ambaye katika vita vya pili aliwahudumia marubani walioungua. McIndoe akamfundisha Michael Wood. Na Wood alifanyia kazi huku kwetu: mwaka 1957 yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ile ambayo leo mnaiita AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki, na waliyoyaona vijijini ni watu walioungua, walioraruliwa na wanyama, na watoto waliozaliwa na midomo wazi. Matajiri hawakuwa wengi.

Mnaona lakini inavyokwenda? Huyu kamfundisha yule, yule kamfundisha mwingine, mkono kwa mkono. Ndiyo maana swali langu kwa mpasuaji yeyote huwa ni moja: nani alikusimamia?

Nimejifungua mtoto mwenye mdomo sungura. Hospitali ya mkoa kuna bingwa wa upasuaji wa kawaida, si wa plastiki, anasema atamshona. Nimkubalie au nisubiri Dar? – Mama, Singida

Hongera kwa mtoto, mdogo wangu, na usimfiche ndani.

Wapo wapasuaji wa kawaida waliofundishwa kazi hii na wanaifanya vizuri, tena wengine wameshona midomo mingi kuliko bingwa bobezi aliyemaliza juzi. Kwa hiyo usiulize cheo. Uliza: umeshona wangapi? Ulifundishwa na nani? Na mtaalamu wa nusu kaputi amezoea watoto wachanga? Hilo la mwisho ndilo wazazi husahau, na mimi ndilo ningeliuliza kwanza. Daktari anayejiamini hakasiriki kuulizwa.

Usiwe na haraka pia. Kanuni ya wengi ni mtoto afike wiki kumi, awe na kilo nne na nusu hivi, na damu isiwe pungufu. Hadi hapo mnyonyeshe, au mkamulie umnyweshe kwa kikombe au kijiko akiwa ameinuliwa, si amelala. Kama na kaakaa limepasuka, huo ni upasuaji mwingine wa baadaye, na hapo ningekushauri uende penye timu iliyozoea, kama hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Kabla hujauza mbuzi, uliza kwanza: upasuaji wa midomo wazi mara nyingi hulipiwa na wafadhili.

Kuna kliniki Instagram, daktari ana wafuasi laki mbili na vyeti ukuta mzima. Anapunguza tumbo na kuongeza makalio kwa nusu ya bei ya hospitali. Nimwamini? – K., Sinza

Wafuasi hawashoni, mdogo wangu.

Nilimsindikiza ndugu yangu kwenye kliniki ya namna hiyo, sitaitaja. Wakati anapigwa picha za "kabla", mimi nilisimama ukutani nikasoma vyeti vyote tisa. Saba vilikuwa vya kuhudhuria: semina ya siku mbili ya sindano za midomo, kongamano, maonyesho ya mashine. Kimoja kilikuwa cha shahada ya udaktari, halali. Kingine leseni ya biashara. Cha ubingwa hakikuwepo. Yaani alikuwa daktari kweli, ila kule kwenye daftari la saa nane usiku hakuwahi kufika. "Daktari wa urembo" ni jina ambalo mtu anaweza kujipachika kwenye bango. Ubingwa wa upasuaji wa plastiki una njia, na njia hiyo inaacha nyayo.

Nyayo zenyewe zinafuatika. Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, Kenya kuna KMPDC, Uganda kuna UMDPC. Andika majina yake kamili, siyo "Dokta" fulani wa mtandaoni, uulize amesajiliwa kama nini: daktari tu, au bingwa, na bingwa wa nini. Leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka, basi tazama na tarehe. Kisha muulize ni hospitali gani inamruhusu kupasua. Asiye na hospitali hata moja inayompa meza, kuna sababu.

Na nani atakupa nusu kaputi? Ukizidiwa saa tatu usiku, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Mwaka 2024 Nairobi ilizizima mama mmoja alipofariki baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na kliniki ikafungwa. Hilo la makalio ndilo linalonitisha zaidi: mafuta ya mwili yakidungwa kwa sindano ndani ya msuli yanaweza kuingia mshipa mkubwa yakafika mapafuni, na hapo hakuna la kufanya kwa haraka. Vyama vya wapasuaji vimeonya tangu 2018 kwamba mafuta yaishie chini ya ngozi, yasiingie msulini. Muulize huyo wa wafuasi laki mbili sindano yake anaidunga tabaka lipi. Akibabaika, umeshajibiwa.

Ndugu yangu hakurudi pale. Hata hivyo aliniambia nimemwaibisha.

Niko Muscat. Nafikiria India au Uturuki. Nitawajuaje wa huko? – Msomaji, Oman

India, baada ya udaktari na ubingwa wa upasuaji wa kawaida, tafuta herufi MCh za upasuaji wa plastiki, au DNB/DrNB ya fani hiyo; ni miaka mingine mitatu juu ya ule ubingwa. Uturuki fani inaitwa *Plastik, Rekonstrüktif ve Estetik Cerrahi*. Hayo maneno yawe kwenye ubingwa wa daktari mwenyewe, si kwenye jina la kampuni inayokupokea uwanja wa ndege. Uliza pia ni nani atakayeshika kisu siku yenyewe, maana kuna anayezungumza nawe kwenye video na kuna anayepasua. Usikate tiketi ya kurudi siku ya tatu: damu huganda miguuni kwenye safari ndefu, na kidonda kikifumuka Muscat utamwangukia daktari asiyejua ndani kulifanyika nini.

Nilitoga sikio, limeota kelodi, yaani kovu lililovimba, kama korosho. Niende kwa daktari wa ngozi au wa plastiki? – Dada, Mwanza

Yeyote kati yao, ilimradi umuulize baada ya kukata kinafuata nini. Kelodi ikikatwa tu ikaachwa, mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa. Aliyefundishwa vizuri atakueleza habari za sindano za kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, au za kubana sikio, au kwingine mionzi. Akikwambia anakata leo na kesho umepona, chukua mkoba wako. Na lile sikio la pili usilitoge.