Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: maswali na majibu

Oktoba 2024, mradi wa GIMPS, unaounganisha kompyuta za watu wanaojitolea, ulitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Mgunduzi ni Luke Durant wa Marekani. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Tarakimu zake zilihesabiwaje?

Zidisha kipeo kwa logi ya 2, yaani 0.3010299957. Unapata 41,024,319.95. Chukua sehemu nzima, ongeza 1: tarakimu 41,024,320. Angalieni hapa: mkitumia 0.30103 ya kwenye majedwali ya shule, mtapata 41,024,320.5 na jibu litazidi kwa tarakimu moja. Kosa dogo la logi limezidishwa mara milioni 136.

Kipeo kikiwa tasa, basi na namba yenyewe ni tasa?

La. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2047 = 23 × 89. Kinyume chake ndicho cha kuaminika: kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo si tasa. 2⁶ − 1 = 63, inagawanyika kwa 3 na 7.

Nani anaweza kuigawa namba kama hiyo kwa kila kigawo?

Hakuna, wala haihitajiki. Kuna jaribio la Lucas na Lehmer, na kwangu ni moja ya vitu vizuri kabisa katika hisabati. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, ubaki na baki tu. Kipeo kikiwa p, rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, ni tasa.

Chukua karatasi upime 127, yaani 2⁷ − 1, kwa hatua tano: 14, 67, 42, 111, 0. Imepita. Ukisahau kuacha hapo, hatua ya sita inakupa 125, nawe utadhani imeanguka. Kwa 2047, hatua tisa zinaishia 1736, si tasa.

Namba ya Durant inadai hatua 136,279,839. Kompyuta ikikosea biti moja (0 au 1) katikati, kosa hubebwa hadi mwisho na baki lote huharibika. Ndiyo maana ugunduzi hurudiwa kwa mashine na programu tofauti kabla ya kutangazwa.

Benki zitaitumia kulinda fedha?

Hapana. Ufunguo wa RSA (mfumo wa kuficha taarifa kwa siri) wa biti 2,048 huzaliwa na namba tasa mbili za siri, kila moja ya tarakimu zipatazo 308. Hii ya Durant inajulikana na kila mtu. Mdukuzi angeijaribu kwanza.

Inaishia na tarakimu gani?

1. Vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6 kwa zamu. Gawanya 136,279,841 kwa 4, baki ni 1, hivyo zamu ni ya 2. Toa 1.