Wadogo zangu wa kamera, kabla hamjaomba 3D

Kila kijana anayeingia kwenye kikundi chetu cha video hapa Lubumbashi huniita Yaya, yaani mkubwa wake, na kuniuliza lile lile: "Yaya, filamu ya 3D, ile inayoonekana kuwa na kina, tutapiga lini?" Nami niliuliza hivyo wakati wangu. Nitawajibu kwa yaliyotupata hapa mjini, mtaa wa Katuba.

Tulikuwa na projekta mbili, moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia, kila moja na kichujio mbele ya lenzi kinachopanga mawimbi ya mwanga kwa mwelekeo wake. Watazamaji wakavaa miwani yenye vichujio vinavyolingana, ili kila jicho lipate picha yake peke yake. Tukatundika shuka jeupe, tukawasha. Picha zikabaki mbilimbili, hata ndani ya miwani. Tulihangaika na waya mpaka usiku, kumbe kosa lilikuwa kwenye shuka: kitambaa cheupe huvuruga mwanga uliokwisha kupangwa na kichujio. Ndiyo maana kumbi za sinema zinazotumia njia hii huweka skrini ya rangi ya fedha. Tukapaka ubao rangi ya aluminiamu, picha zikatengana. Ila waliokaa pembeni wakalalamikia giza, maana skrini ya namna hiyo huwapa mwanga zaidi walio katikati.

Hilo giza ndilo lililoniuma. Filamu yetu ilikuwa na mama ameinama kwenye mbabula, jiko la makaa, usiku, nimempiga picha kwa mwanga wa makaa tu. Kwenye picha ya kawaida unaona hadi jasho shingoni mwake. Ndani ya miwani mama alibaki kivuli, kazi yangu ya siku tatu imemezwa. Kichujio cha projekta peke yake hula zaidi ya nusu ya mwanga, na miwani huongeza hasara.

Msidhani ni umaskini wa vifaa vyetu. Mwaka 1952 Wamarekani walitoa "Bwana Devil", habari ya simba wa Tsavo kule Kenya, watu wakajazana kuiona na miwani. Miaka michache tu, homa ikashuka. Mikanda miwili ya filamu, mmoja wa kila jicho, ilipaswa kwenda sawasawa: mmoja ukikatika na fundi akatoa fremu mbili, lazima atoe zilezile kwenye wa pili, la sivyo ukumbi mzima unaumwa kichwa. "Avatar" ya 2009 ilikuja na dijitali, tatizo hilo likaisha. Lakini tiketi ilipanda, filamu nyingi zilizopigwa kwa kamera ya kawaida zikageuzwa 3D baadaye, nyingine kwa haraka, na watazamaji wengi wakaona hawapati cha kulipia zaidi.

Kuna jambo ambalo mashine haijaliondoa. Inua kidole gumba mbele ya pua, kisha ukisogeze karibu: macho yanakutana pale, na lenzi ya kila jicho inajirekebisha kwa umbali uleule. Kwenye 3D macho yanakutana mbele au nyuma ya skrini, huku lenzi zikibaki kwenye skrini. Wengine huchoka haraka. Na mwenye jicho moja linaloona vizuri hapati chochote zaidi ya miwani.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la rula. Nilitengeneza filamu kwenye laptopu yenye skrini ya upana wa sentimita 30. Mlima wa nyuma niliutenganisha sentimita 1 kati ya picha ya kushoto na ya kulia, ukapendeza kabisa. Ubao wetu ulikuwa na upana wa mita 3: ile 1 ikawa 10. Macho ya mtu yameachana kama sentimita 6 na nusu, kwa hiyo nilikuwa nawalazimisha watazamaji wageuze macho yao nje, jicho hili huku, lile kule. Macho hayajazoea hilo. Watoto wa mbele walivua miwani kabla ya dakika kumi.

Kwa hiyo mwanzoni nitawapa kamera moja na taa moja. Mama yule wa mbabula alikuwa na kina bila miwani: moshi mbele yake, mlango uliofunguka nyuma, mwanga ukimchora shavu. Jumamosi tutampiga picha tena, jioni, makaa yakishashika.