Mataji 10 ya Ron Barassi
Je, Ron Barassi, gwiji wa soka la Australia (mpira ambao huchezwa kwa mikono na miguu), alichukua mataji yote 10 kama mchezaji? Hapana, si yote 10 akiwa uwanjani. Sita alichukua kama mchezaji wa klabu ya Melbourne (1955, 1956, 1957, 1959, 1960, 1964), nne kama kocha: Carlton 1968 na 1970, North Melbourne 1975 na 1977. Wanaochanganya huwa wanakwama kwenye lile taji la 1968, kwa sababu alikwenda Carlton 1965 kuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Lakini fainali ile hakucheza, aliiongoza timu akiwa benchi, kwa hiyo inahesabiwa upande wa ukocha tu.

Na kama unataka kujua kwa nini wazee wa jiji la Melbourne hawachoki kumtaja, tafuta fainali ya 1970. Carlton walikwenda mapumziko wako nyuma ya Collingwood kwa pointi 44, mbele ya watu 121,696 pale uwanja wa MCG (Melbourne Cricket Ground). Barassi akawaambia wachezaji wapasiane kwa mkono na kukimbia, waache kubutua mpira mbele. Wakashinda kwa pointi 10. Kwangu mimi hiyo moja inazidi zile sita zote.