Kabla hamjapiga plasta ya simenti kanisa la zamani, soma hii

Mimi si injinia jamani, ni muumini tu wa kanisa moja la kijijini huku Busoga, Uganda, na nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi iliyoliharibu kwa nia nzuri kabisa. Tulichanga, tukanunua simenti, tukapiga plasta kuta zote za nje na rangi ya krimu juu, watu wakapiga vigelegele. Misimu miwili ya mvua baadaye plasta ikaanza kuvimba, tukaibandua na matofali ya ndani yalikuwa yanamomonyoka kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Fundi mmoja mzee akatucheka. Akasema haya matofali yalichomwa kwa tanuri la kienyeji, ni laini, yananyonya maji, na wazee waliyajengea chokaa sababu chokaa inaruhusu ukuta kukauka. Simenti inafungia unyevu ndani. Kwa hiyo ukiona ufa, ziba kwa chokaa na mchanga, na kabla ya hapo uliza maji yanatoka wapi! Kwetu yalitoka kwenye gata lililotoboka, pia udongo ulikuwa umejaa nje mpaka umepita usawa wa sakafu, tukauchimba tukaweka mtaro na hiyo kazi ilikuwa rahisi kuliko simenti yote tuliyopoteza. Mchwa nao wanapenda hapo penye unyevu, angalieni miguu ya milango na mbao za paa.

Radi msiidharau. Kanisa kuu la Namirembe kule Kampala limejengwa zaidi ya mara moja: moja liliangushwa na dhoruba 1894, jingine likaungua kwa radi 1910, hili la sasa likamalizika 1919. Kama Namirembe iliungua, sisi wa kilimani kijijini ni nani? Wekeni kinga ya radi.

Vijana wetu wanataka tubomoe tujenge kubwa la vioo, sawa, jengeni pembeni, kiwanja si kipo.

Halafu rejista za ubatizo. Zetu zilikaa kwenye kabati la mbao sakafuni, panya wakala kona. Sasa tumezipandisha kwenye sanduku la bati na nimezipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mchana karibu na dirisha, bila flashi. Ule ukurasa wa babu yangu kidole changu kilifunika jina lake, ikabidi nirudi Jumapili iliyofuata.