Marty Friedman: naomba hili tulimalize

*Ni kweli Megadeth walimfukuza?*

Hapana. Mpiga gita huyu Mmarekani aliondoka mwenyewe kwenye bendi hiyo ya heavy metal mwaka 2000, baada ya miaka kumi. Hili nimeshalijibu mara tatu.

*Mtu aliyepiga gita kwenye albamu yao ya Rust in Peace anaishiaje kwenye tangazo la Fanta?*

"Anaishiaje"! Alihamia Tokyo 2003, akaanza kwa kumpigia gita Nanase Aikawa, mwimbaji wa pop. Mwaka 2005 akaingia kwenye televisheni na kipindi cha Hebimeta-san, kisha Rock Fujiyama, anakaa katikati ya wachekeshaji akitaniana nao kwa Kijapani. Ameandika makala magazetini, ametoa albamu zake mwenyewe, na serikali ya huko imempa ubalozi wa urithi wa utamaduni wao, yeye mzaliwa wa Washington. Wewe umeona soda tu.

*Kijapani alijifunzia wapi?*

Swali zuri kuliko yote. Alikisoma kwa kozi ya posta, angali yumo Megadeth, wakizunguka dunia na maonyesho. Yaani lugha ilitangulia, safari ikafuata. Nawasema ninyi mnaoniandikia kila wiki kwamba mnakwenda Muscat au Guangzhou na "lugha nitaiokota huko huko." Utaiokotea kwenye foleni ya kibali? Simu unayo, bando unalo, na jioni zote unabishana nani ana vidole vyepesi.

*Nimwige mkono wa kulia?*

Usithubutu. Kiganja chake hujikunja kwa ndani, kifundo kikachomoza, mkao ambao mwalimu yeyote angekukataza. Yeye kauzoea, wewe utaumia, na maumivu ya kifundo si ya kuvumilia kishujaa. Cha kuiga ni uzi anavyouvuta: huanza na noti iliyo kando kidogo, unadhani kakosea, kisha anaisukuma taratibu hadi inafika mahali pake. Noti moja hiyo ina kazi kuliko mbio zako zote.

*Nitumie tabu (yale maandishi ya wapi pa kuweka vidole) za solo ya Tornado of Souls, wimbo wao wa Rust in Peace.*

Una masikio.

*Hajawahi kurudi Megadeth?*

Kama mgeni tu, mara ya kwanza Februari 27, 2023, ukumbi wa Budokan. Alipanda, wakapiga nyimbo tatu pamoja. Na Budokan iko Tokyo, kwa hiyo safari hii wageni walikuwa wao.